Kidirisha chenye Vitufe Viwili

Kufikia asubuhi ya Jumatano, Garsen nzima ilikuwa imekwisha kumhukumu Everline Pekeshe. Yeye ndiye aliyekuwa zamu Jumapili, mbele ya kompyuta ya Mradi wa Ilani ya Mto, wakati maji yalipoteremka na kukizoa kijiji cha Mwinamoni. King'ora hakikulia. Watu sita walikufa. Maiti tano zilipatikana zimenasa kwenye migomba. Ya sita, ya Mangi, mlinzi wa ghala, haikuonekana, na watu walisema mto umeipeleka baharini.

Inspekta Dahabo Diba alitumwa kutoka Hola kuifunga kesi hiyo, si kuifungua. Mkubwa wake alimwambia achukue maelezo ya msichana, amwambie atie sahihi, amlete mahakamani. Lori la polisi lilikwama njiani, likasukumwa, likakwama tena, na Dahabo akaingia Garsen na tope hadi magotini. Alikuwa Muorma wa Chewele, mwanamke mrefu asiyependa kurudia swali. Kiswahili alijifunza shuleni, akiwa ameshakua, na mpaka leo alikisikiliza kama mtu asikilizavyo nyayo nyuma yake.

Everline alikuwa amekaa sakafuni, kwenye kona ya selo, kanga imemfunika mabega. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kulia machozi yote.

"Mama, nilibonyeza," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulibonyeza nini?"

"Tangaza. Hola walinisomea kipimo cha maji kwa redio, nikakiandika kwenye mashine. Kidirisha kikatokea, kile chekundu. Kina vitufe viwili, Tangaza na Ahirisha. Nikabonyeza Tangaza."

"Kisha?"

"Kikaja kidirisha kingine, kidogo. Kikaniambia nimesikika, ningoje."

"Kwa maneno hayo?"

"Maneno yenyewe siyakumbuki, mama. Yalikuwa ya kuniambia ningoje. Nikangoja."

"Mpaka lini?"

Everline aliinua macho. "Mpaka redio ya Mwinamoni ikanyamaza."

Dahabo aliandika, kisha akaacha kuandika. "Hicho kidirisha kidogo, uliwahi kukiona siku za majaribio?"

"Hapana. Siku za majaribio ukibonyeza Tangaza, taa ya kisanduku cha redio inakuwa ya kijani, na king'ora kinalia kule. Basi. Nilidhani Caleb amekiongeza. Huwa anaongeza vitu."

"Na taa, Jumapili, ilikuwa rangi gani?"

"Sikuitazama. Nilikuwa natazama kidirisha. Kilikuwa kimeshaniambia ningoje."

"Nani aliingia ofisini baada ya hapo?"

"Bwana Shekuwe, msimamizi wetu. Alikuja jioni, habari zimeshafika. Akaniambia niende nyumbani, atakaa yeye na mashine. Asubuhi yake nikashikwa." Alivuta kanga. "Shangazi yangu ni mmoja wa wale watano. Ndiye aliyenilea. Wanasema nilikuwa nimelala. Ningelala vipi, na yeye yuko kule?"

Dahabo alifunga daftari bila kumpa kalamu atie sahihi.

Nje, mbingu ilikuwa imeshuka chini, rangi ya bati. Asubuhi hiyo Hola walikuwa wametangaza kwamba wimbi la pili linateremka, kubwa kuliko la kwanza, na halijulikani litafika saa ngapi. Watu wa Mwinamoni walionusurika walikuwa wamepelekwa Ngao kwa boti, lakini tangu jana, maji yalipopungua kidogo, wengi walikuwa wamerudi kutafuta sufuria zao, kuku wao, na mbegu zilizosalia. Kama ile mashine ilikuwa mbovu, wangekufa kama wenzao. Kama ilikuwa nzima, Everline alikuwa mwongo. Dahabo alitaka kujua ni lipi kabla maji hayajajibu kwa niaba yake.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya matofali nyuma ya soko, yenye mlingoti mrefu wa redio. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta alisimama Konstebo Roba, ufunguo wa kufuli ya polisi ukining'inia shingoni kama hirizi.

"Nimefunga hapa Jumatatu asubuhi, afande. Tangu hiyo siku hakuna mtu ameingia."

Katika chumba cha mbele, Bwana Shekuwe alikuwa ameinamia redio. Mtu wa Kipini, wa makamo, shati limepigwa pasi hata katika wiki kama hii. Aliinua mkono bila kugeuka.

"Ngojani kidogo, nimalizane na Hola."

Alipomaliza aliwapa mikono wote wawili, akamwulizia Dahabo safari, akaomba radhi kwa tope la uani. Kisha akaomba boti.

"Mradi una ghala juu ya kilima cha Mwinamoni, afande. Mablanketi, mahema, dawa za kusafishia maji. Mlinzi wetu ndiyo hivyo, Mungu amrehemu. Nami sijui hata kama paa lingalipo. Nikipata boti ya polisi, hata leo, nitakwenda mwenyewe. Sina haja ya kusumbua askari."

"Ameomba kila siku," Roba alisema. "Injini ya boti imekufa."

"Kilima hicho ndicho watu wanachopanda king'ora kikilia?" Dahabo aliuliza.

"Ndicho. Ndiko pakavu peke yake. Ila kati yake na kijiji pana bonde, na bonde ndilo linalojaa mwanzo. Wasipoambiwa mapema, hawavuki." Alitikisa kichwa. "Msichana yule alikuwa mzuri wa kazi. Sijui nini kilimpata."

Caleb Komora, kijana aliyeiandika programu ya mradi, alikuwa amefika alfajiri kutoka Mombasa. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni, na hofu yake haikuhitaji kutafutwa. Dahabo alimkalisha mbele ya kompyuta, Roba akawasha jenereta, na skrini ikaanza kung'aa polepole.

"Hiki kidirisha chekundu ulikitengeneza wewe?"

"Mimi, afande. Kwa Python."

"Paithoni?" Roba aliuliza.

"Ni lugha ya kompyuta. Jina lake maana yake chatu."

Roba aliitazama mashine na kurudi nyuma hatua moja.

"Nieleze kinavyofanya kazi," Dahabo alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Caleb alisafisha koo. "Mashine yenyewe ina vidirisha vyake vya kawaida, vya kukuambia jambo au kukuuliza ndiyo au hapana. Mtu anavizoea, anavifunga bila kusoma. Sikutaka hivyo. Nikatengeneza changu. Kikitokea kinakaa mbele ya kila kitu na kinaishika mashine yote. Huwezi kuandika, huwezi kufungua kitu kingine, mpaka ukijibu. Hata ule msalaba wa kufungia pale juu niliuua. Njia ya kutoka ni vitufe viwili tu."

"Kwa hiyo mtu hawezi kusema hakukiona."

"Hawezi. Na akibonyeza Tangaza, amri inaingia kwenye kisanduku cha redio, king'ora kinalia."

"Nani mwingine anajua kukitengeneza?"

"Niliwafundisha Everline na Bwana Shekuwe, ili waweze kuandika maneno kwa Kipokomo na Kiorma bila kuningoja mimi. Si vigumu. Kuna kidirisha mama, kinachojua kujitokeza na kuishika mashine. Ukitaka kipya unarithi kwa huyo mama, halafu unaandika mambo mawili tu: ndani yake muonekane nini, na kikijibiwa kifanye nini."

"Kikijibiwa kifanye nini," Dahabo alirudia, na ilikuwa nadra kwake kurudia. "Basi kitufe kinaweza kuandikwa Tangaza kikafanya jambo jingine."

"Kitufe hakijui kimeandikwa nini, afande. Kinafanya kilichoambiwa."

"Nionyeshe kinavyoambiwa."

Mlangoni Shekuwe alikuwa amesimama na sinia ya vikombe. "Iwasheni tu programu, afande. Mtaona wenyewe inavyokwenda. Hayo ya ndani ni ya kupoteza wakati."

Caleb alikuwa tayari amekipeleka kipanya kwenye jina la programu. Dahabo aliweka mkono juu ya mkono wake.

"Kwanza nionyeshe."

Faili lilifunguka, mistari myeupe juu ya rangi nyeusi. Caleb alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alirudi juu, akasoma tena.

"Ni langu," alisema kwa sauti ndogo. "Neno kwa neno. Tangaza inatangaza, Ahirisha inaahirisha. Hakuna kidirisha kidogo hapa. Na lina tarehe ya Januari, siku niliyoliandika."

"Kwa hiyo Everline amesema uongo," Shekuwe alisema kwa huzuni, akaenda kuleta sukari.

Roba aliguna. Dahabo alikuwa anamtazama Caleb, kwa sababu Caleb hakuwa ameiacha orodha ya mafaili kwenye skrini. Alikuwa amekunja uso.

"Sema," Dahabo alimwambia.

"Pacha wake ana tarehe ya Jumamosi."

"Pacha gani?"

Caleb alionyesha jina la pili chini ya lile la kwanza, linalofanana nalo isipokuwa herufi moja mwishoni. "Mimi naandika faili ambalo mtu anaweza kusoma. Programu ikiendeshwa mara ya kwanza, Python inalisoma, inalisaga, na unga wake inauweka pembeni, kwenye faili hili la pili. Siku nyingine haisagi tena, inatumia unga uleule. Inasaga upya ikiona tu kwamba faili la kwanza limebadilika."

"Na unga huu ulisagwa Jumamosi."

"Ndiyo."

"Kwa faili la Januari ambalo halijabadilika."

Caleb alivua miwani. "Haiwezekani. Unga ungekuwa wa Januari pia. Afande, Jumamosi kulikuwa na faili jingine hapa. Mtu alilibadilisha langu, programu ikaendeshwa, likasagwa. Baadaye akalirudisha langu juu yake kutoka kwenye disketi ya akiba. Nakala ya disketi inakuja na tarehe yake ya zamani. Ukitazama juujuu, hakuna kilichoguswa."

"Na unga akauacha."

"Labda hakujua kama upo. Sikuwafundisha hilo. Hakuendesha programu tena. Mashine ilizimwa, mkaja mkafunga."

"Na tungeiendesha sasa hivi?"

Caleb alikiondoa kidole chake kwenye kipanya kana kwamba kimeungua. "Ingeona mahindi si yale. Ingesaga upya. Wa Jumamosi ungepotea milele."

Hatua za Shekuwe zilikuwa zinarudi. Alitia kichwa mlangoni. "Mbona mwachelewa? Haijawaka?"

"Tunangoja sukari, Bwana Shekuwe," Dahabo alisema.

*

Alimtuma Roba amkalishe msimamizi chumba cha mbele na kumwandikisha maelezo marefu kuhusu ghala, blanketi kwa blanketi. Kisha akafunga mlango.

Caleb aliunakili unga kwenye disketi mbili, na Dahabo akaweka moja mfukoni mwa sare. Waling'oa waya unaokwenda kwenye kisanduku cha redio, ili kosa lolote lisiende kumtisha mtu kule chini. Caleb akalipa faili lake jina jingine, ili mashine isilione, ibaki na unga peke yake. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena.

Aliendesha programu, akaandika kipimo cha maji kama kile cha Jumapili.

Kidirisha kilitokea katikati ya skrini, chekundu, ghafla, hakikutanguliwa na kitu. MAJI YANAKUJA, kilisema. MWINAMONI. Chini yake vitufe viwili. Dahabo, ambaye alikuwa amefumba macho ya maiti bila kugeuza uso, alihisi nywele za mikononi zikisimama. Alishika kipanya mwenyewe, akajaribu kukifunga pale juu. Hakikufungika. Akajaribu kubonyeza nje yake. Mashine ilikataa, ikatoa mlio mfupi. Kidirisha kilikuwa kinamngoja yeye.

Alibonyeza Tangaza.

Kile chekundu kilitoweka. Mahali pake kikaja kingine, kidogo, cha kijivu, cha upole. Kilikuwa na mstari mmoja:

*Ilani ishapokewa. Ngojani.*

Programu ilipaswa kuandika chini ya skrini kila amri iliyotoa. Pale chini palikuwa patupu. Amri haikwenda kwenye kisanduku wala popote. Caleb alibonyeza Ahirisha katika jaribio la pili, na kikatokea kidirisha kilekile cha upole. Vitufe vyote viwili vilifungua mlango mmoja, na nyuma ya mlango hapakuwa na kitu.

"Alibonyeza," Caleb alisema. "Everline alibonyeza." Akafunika uso. "Kidirisha mama ni changu, afande. Ni mimi nilikifundisha kumshika mtu asitoke."

"Hukukifundisha kudanganya. Nisikilize. Ungetaka kuwaambia watu wangoje, ungeandika vipi?"

"Mimi? Tafadhali subiri."

"Na Everline?"

"Ngojeni. Labda subirini. Wapokomo wengi tunasema ngojeni."

"Na sisi Waorma tunasema vyovyote tunavyoweza." Dahabo alikuwa bado anaitazama ile skrini. "Hakuna mtu wa Garsen anayesema ngojani. Hilo ni neno la Kipini na kwenda Lamu huko. Nimelisikia leo asubuhi, nilipoingia."

Caleb aliutazama mlango uliofungwa.

"Lakini neno moja halimfungi mtu," Dahabo aliendelea. "Wakili atasema hata wewe unaweza kuliandika ili umsingizie. Nataka kujua kwa nini. Huyu bwana amejenga mradi huu kwa miaka. Kwa nini mtu aliyeweka king'ora akizibe mdomo?"

Alisimama dirishani. Ng'ambo ya uwanja wanawake walikuwa wanahamisha magunia, wakiyapandisha juu ya meza. Alifikiri juu ya king'ora na anachofanya mtu akikisikia. Anaacha alichoshika. Anachukua watoto. Anavuka bonde, anapanda kilima.

"Caleb, hebu niambie. King'ora kikilia, watu wote wanakwenda kwenye ghala?"

"Wote, afande. Ndiyo mpango."

"Na kisipolia, hakuna anayekwenda."

Chumba cha mbele redio ilikoroma. Sauti ya Hola ilikuja imekatikakatika, ikasoma kipimo, ikakirudia. Roba aligonga mlango na kufungua bila kungoja.

"Afande, ni lile wimbi. Limepita Hola. Wanasema linakwenda kasi, linaweza kufika Mwinamoni kabla ya magharibi."

"Caleb, rudisha faili lako. Rudisha waya." Alimgeukia Roba. "Mlete Everline. Mbio."

*

Everline aliingia na pingu mkononi, na Dahabo akaifungua mwenyewe. Msichana alitazama kiti chake cha zamani kama mtu anayetazama kaburi. Caleb alikuwa amekwisha kuendesha programu, safari hii kwa faili la Januari, na kisanduku cha redio kilikuwa kinawaka taa yake ndogo nyekundu. Dahabo alimwita Shekuwe.

"Bwana Shekuwe, wewe ndiye mkubwa hapa. Kipimo hiki hapa."

Caleb aliandika kipimo. Kidirisha kikaruka mbele, chekundu. MAJI YANAKUJA. MWINAMONI.

"Bonyeza," Dahabo alisema.

Shekuwe alitazama vitufe viwili. Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake. "Afande, tusiharakishe. Mwezi uliopita tuliwapigia king'ora bure, wakatutukana. Tupigie Hola tena, wahakikishe."

"Wamehakikisha mara mbili. Umewasikia."

"Nami nasema ngojani kidogo. Nipeni boti, niende mbele, niwaandalie ghala, halafu..."

"Watu wapo kijijini wanafukua matope, bwana. Kwa nini hutaki wapande?"

Kidirisha kilikuwa kimewashika wote chumbani humo. Jenereta ilinguruma nje. Dahabo alihesabu pumzi za yule mtu, akaona zinavyofupika, na akaona jicho lake lilivyokwenda, si kwenye skrini, bali kwenye ramani ukutani, pale kilima kilipochorwa kwa kalamu ya bluu.

"Everline," alisema bila kugeuka. "Bonyeza."

Everline alikaa. Aliweka mkono juu ya kipanya. Alibonyeza.

Kidirisha kikajifunga. Hakikuja kingine. Taa ya kisanduku iligeuka kijani, na safari hii Everline aliitazama, aliitazama tu, huku machozi ambayo Dahabo alidhani yamekwisha yakimtiririka. Kutoka kwenye redio ya chumba cha mbele, mbali, nyembamba kama mbu, walisikia king'ora cha Mwinamoni kikianza kulia.

Shekuwe aliketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi taratibu, mgongo ukutani, kama mtu aliyefika mwisho wa njia.

"Kuna mtu mle ghalani," alisema.

Dahabo alichuchumaa mbele yake.

"Mangi?"

"Alifungua sanduku lisilokuwa lake. Lilikuwa chini ya mablanketi. Risasi. Wenyewe walikuwa waje kuzichukua Jumapili usiku. Waliniambia mlinzi akiropoka, nitazikwa pamoja naye. Jumamosi nikamfungia ndani. Nikafikiri, Jumapili watakuja, watachukua, nitamfungulia, nitamsihi." Alilamba midomo. "Hola walisema maji yatafika Jumatatu. Nikasema king'ora kikilia mapema, kijiji kizima kitapanda na kuwakuta. Nilitaka siku moja tu."

"Walikuja?"

"Maji yalikuja."

"Na Mangi ni mzima?"

"Sijui," Shekuwe alisema. "Nimeomba boti kila siku. Sijui."

"Mle kuna maji ya kunywa?"

Alitikisa kichwa. "Paa linavuja upande mmoja. Likinyesha."

Roba alimfunga pingu ile ile iliyotoka mkononi mwa Everline, na hakuifunga kwa upole. Dahabo alikuwa tayari kwenye redio.

"Mwinamoni, Mwinamoni. Nani yuko kwenye redio?"

Mlio. Upepo. Kisha sauti ya mwanamke, akihema. Everline alimtambua mara moja: Mama Florence, mwenyekiti wa kamati ya kijiji. "Tumesikia. Tunavuka. Bonde lina maji ya magoti, yanapanda. Watoto tumewabeba."

"Uko na redio mkononi?"

"Niko nayo, hii mpya tuliyopewa Ngao. Usikate."

Hakukata. Walisimama kuizunguka redio, Caleb, Everline na yeye, wakisikiliza watu wakivuka bonde ambalo hawakuliona. Walisikia maji. Walisikia mtu akiita jina la mtoto, akaita tena, na mtoto akaitika. Walisikia mbuzi. Kwa muda mrefu palikuwa na kuhema tu, na Everline alikuwa anahema pamoja nao bila kujua. Halafu sauti zikabadilika, zikawa juu, zenye kicheko cha watu waliochoka, na kwa mbali nyuma yao ukaanza mngurumo ambao haukuwa wa mvua.

"Tumefika juu," Mama Florence alisema. "Wote. Nimewahesabu. Wimbi limepita chini yetu sasa hivi, afande, limechukua nyumba zilizobaki. Mvua imeanza. Lakini ghala lina kufuli, na hatuna ufunguo. Tufanyeje?"

Dahabo alimtazama Shekuwe. Alikuwa amefumba macho.

"Vunjeni," alisema. "Waingie watu wazima wawili kwanza, wasiguse sanduku lolote. Watoto wabaki nje."

Walisikia shoka. Pigo, na pigo, na pigo lililokuwa na sauti tofauti, kisha mlango ukilalamika kwenye bawaba zake. Kisha kimya. Caleb alianza kusema kitu, Everline akamshika mkono anyamaze.

"Mama Florence?"

Mvua juu ya bati. Sauti ya mwanamume ikisema maneno ya Kipokomo haraka haraka.

"Mama Florence, nijibu."

"Yuko hapa." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo sana. "Mangi wetu. Tulimwombea juzi, tukamlilia, na yuko hapa."

"Ni mzima?"

Redio ilikoroma, ikapotea, ikarudi.

"Amenishika nguo haniachi," Mama Florence alisema. "Anaomba maji."